Onja Kwanza

Sikunywa sana siku ile. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo mtakaloniuliza, na hata mchungaji wangu aliniuliza hilohilo kabla sijafika nusu ya habari. Nilikuwa nimekunywa kopo moja na nusu ya kasiksi, na mtu wa umri wangu hapotezi akili kwa kopo moja na nusu ya pombe ya ndizi. Tena giza lilikuwa halijaingia. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, na ushahidi ninao mdomoni mpaka leo. Nitafika huko, msiniharakishe.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo mtaa wa Lumumba hapa Bunia. Watu wananiita Onja Kwanza, na jina hilo sikubatizwa nalo kanisani. Hapa kwetu, kwa hofu ya sumu, mtu hanywi ovyo. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Ukienda msalani ukaacha bia nusu, ukirudi si yako tena, unaiacha palepale hata kama roho inauma. Na pombe ya nyumbani, kwa kuwa haina kizibo, anayekumiminia anaonja kwanza, unamwona anameza, ndipo nawe unapokea. Ni desturi tu, hakuna anayekasirika. Lakini mimi nilizidisha, nakubali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimezika jamaa aliyekufa ghafla baada ya kunywa. Basi namwambia kila mtu aonje. Msibani, arusini, hata kwa mama mkwe. Mke wangu anaonja chai yangu huku anasonya.

Sasa, katikati ya mji kuna baa moja ya zamani, yenye nguzo nene na baraza ndefu inayotazama barabara kubwa. Wazee wanasema kabla ya uhuru ilikuwa duka la mzungu aliyeuza vitambaa. Vigae vyake vyekundu vimelika katikati, kutoka mlangoni mpaka kaunta, pale miguu ya watu ilipopita miaka yote. Baba yetu alikunywa hapo. Mimi na mdogo wangu Dido tulipoota ndevu, akatuleta hapo kwa mkono wake, akatumiminia, akaonja kwanza. Siku hizi baa ni ya Mama Feza. Bia za chupa anazo kwenye friji, kwa watu wasiojua wanachotaka. Sisi tulifuata kasiksi yake, anayoitengeneza mwenyewe uani kwa ndizi mbivu na mtama wa kukaanga. Siku ya kwanza ni maji ya watoto. Siku ya tatu inakuchapa ukasahau jina lako. Ya siku ya pili ndiyo yenyewe: utamu unatangulia, uchachu unafuata, halafu kuna kamoshi kadogo ka mtama kanakobaki nyuma ya ulimi. Kwa Mama Feza siku hiyo ni Jumamosi, na sisi hatukuikosa kamwe, mpaka Dido alipokwenda kuchimba dhahabu Bambu.

Mama yetu hakulala vizuri tangu aondoke. Mimi nilijifanya mwanamume, lakini kila simu iliyolia nilidhani ni habari yake. Ndipo Jumamosi ile asubuhi Dido akapiga mwenyewe. "Yaya, niko nakuya," akasema, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Nimeachana na mashimo, sirudi tena. Nitakukuta kwa Mama Feza. Uniwekee kopo."

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, ila sauti yake haikuwa ya mtu anayerudi nyumbani. Nikamuuliza kuna nini. Akaanza kusema kitu, rezo ya simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, hakupatikana. Na hatari za njia ile mnazijua. Mtu akikuambia anatoka huko, hata hufikirii zawadi alizobeba, unafikiria kama atafika.

Saa za mchana nilishindwa kushona. Nikatoboa kidole kwa sindano, nikafunga duka, nikaenda kwa Mama Feza mapema. Akaniletea jagi, akaonja bila kuambiwa huku ananicheka, nikajimiminia. Kisha nikamimina kopo la Dido mwenyewe, nikalifunika kwa kisahani, nikaliweka mbele ya kiti chake. Nikangoja. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani ilininyanyua kitini. Mawingu yakakaza juu ya mji, wateja wakaanza kuondoka mmojammoja kabla mvua haijawakuta, na mwisho nikabaki peke yangu. Mama Feza akakimbilia uani kufunika kuni zake. Mvua ikashuka, mvua yetu ile ya kupiga mabati usisikie hata mawazo yako. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama barazani. Kijana mwembamba, buti za mpira miguuni, taa ya wachimbaji imefungwa kwenye paji la uso. Hakuingia. Alisimama tu ananitazama, mpaka adabu ikanilazimu.

"Karibu," nikamwambia.

Hapo ndipo akaingia. Meza zote zilikuwa tupu, akaja kukaa kwenye kiti cha Dido.

"Weye ni yaya ya Dido," akasema. Wala hakuuliza.

"Ndiyo, ni miye! Iko wapi? Munatoka pamoja?"

"Iko njiani. Piki ilikwama mu matope. Mimi nimefika mbele yake."

"Iko muzima?"

"Yeye iko muzima."

Mungu anisamehe, nilifurahi hata sikusikia alivyolivuta lile neno "yeye". Nilitaka kumkumbatia. Yeye akachukua jagi, akanijazia kopo langu mpaka povu likasimama ukingoni, akalisogeza kwangu. "Kunywa, yaya."

Na mimi, kwa mazoea, kama mtu anavyosema asante, nikasema, "Onja kwanza."

Aliganda. Kisha akatabasamu polepole. "Unaniambia mimi nionje?"

"Ni kawaida yetu. Usikasirike."

"Sikasirike. Ni siku mingi hakuna mutu alinipatia kopo mu mukono."

Nikampa kopo, akalipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa watoto kupokea kwa wakubwa. Akaliinua. Koo lake likapanda na kushuka. Akanirudishia, nami nikanywa funda kubwa, kwa furaha ya mdogo wangu.

Niamini nikikuambia, ile haikuwa kasiksi. Ilikuwa maji yaliyolala shimoni. Ilikuwa baridi, na pombe ya Mama Feza haijawahi kuona friji. Ladha ya udongo ikanijaa kinywa chote. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri, nikaona yale niliyopaswa kuyaona kabla. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka, ina vumbi la njano, haina hata tone. Nguo zake zimejaa udongo uleule, umekauka, unapukutika mezani. Na nje mvua inamwagika. Huyu mtu alipita wapi asilowe?

Niulizeni kwa nini sikukimbia. Miguu ilikataa. Nilitaka kumwita Mama Feza, sauti haikutoka.

"Kiu haijaisha," akasema yule kijana, kwa upole kabisa. Akalitazama kopo lililofunikwa. "Hii ni ya Dido?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Siye tulikuwa mu shimo moja. Nilimuambia niko na kiu, akasema, ngoja, napanda kukuletea maji. Akapanda. Nikangoja. Udongo ikakuya mbele ya maji." Akapapasa kisahani kwa vidole. "Sina kasirani na yeye, yaya. Ni rafiki yangu. Tulikuwa tunakunywa kopo moja, mimi naonja, yeye anakunywa nyuma yangu. Leo pia nitaonja, yeye atakunywa. Halafu tutarudi wote wawili."

Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, na nimeona mengi katika mji huu. Niliogopa mpaka masikio yakawa yanalia. Kwa sababu nilielewa. Mimi ndiye niliyemkaribisha. Mimi ndiye niliyempa kazi ya kuonja, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kujua namwambia nani. Na katikati ya kelele za mvua nikasikia pikipiki inasimama nje.

"Ni yeye," akasema. Akaondoa kisahani. Akaingiza vidole viwili kwenye povu.

Fikirini nanyi, mngefanya nini? Kumwaga? Kinachomwagwa chini ni cha wafu, kila mtu anajua, ningekuwa nimempa kopo la mdogo wangu mkononi. Kuliacha? Dido angeingia amechoka, ana baridi, angeliona kopo lake aliloniagiza, angelimaliza kabla sijafungua kinywa. Nikalipokonya. Mimi huyu, ambaye mke wangu ananionjea chai, nikalishika kopo lililoingizwa vidole vya mfu, nikafumba macho, nikanywa. Nikanywa yote, mpaka machicha ya chini. Yalikwaruza koo kama mchanga, ila niliyameza.

"Imekwisha," nikamwambia. Nilikuwa nalia. "Ya Dido nimeonja mimi. Hakuna ingine."

Alilitazama kopo tupu. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi nikilikumbuka. Alikuwa na huzuni tu. Akasimama.

"Haya, yaya," akasema. "Basi weye ndiye utakuwa unamuonjea."

Akatoka barazani, akashuka kwenye mvua, na vumbi lililokuwa mabegani mwake halikulowa.

Dido akaingia kwa mlango uleule, maji yanamchuruzika mpaka viatuni, anacheka na kutetemeka. Hakupishana na mtu, nilimuuliza baadaye. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kisha akataka kukaa, akaona udongo ule wa njano wa mashimoni kwenye kiti chake. Akauchukua kidogo kwa vidole, akausugua, na kicheko chote kikamtoka. Akakaa kwenye vigae, palepale chini.

"Yaya, nani alikuwa hapa?"

Sikuwa nimesema neno. Yeye ndiye aliyeanza kusimulia, mwenyewe, akitazama vile vidole. Alikuwa na rafiki huko Bambu, Musafiri, aliyechimba naye. Musafiri akasema ana kiu. Dido akapanda kuchota maji. Akiwa anarudi na kopo mkononi, shimo likaanguka. Walichimba, walichimba, wakashindwa kumfikia. Hicho ndicho alichotaka kuniambia kwenye simu.

Mama Feza aliporudi kutoka uani alitukuta wawili tumekaa chini tunalia, akadhani kuna msiba. Alifagia ule udongo mwenyewe. Mkitaka muulizeni, yupo.

Kesho yake Dido alichota maji safi, akaenda nyuma ya nyumba, akamwita Musafiri kwa jina, akamwaga. Mchungaji hakupenda, lakini hakumzuia. Labda yule kijana amekunywa, sijui. Hajarudi. Dido hajaota tena ndoto mbaya za shimo lile, ameoa, anauza vipuri vya pikipiki, mama analala usingizi.

Mimi ndiye niliyebaki na deni. Tangu Jumamosi ile kila kitu kinachoingia kinywani mwangu ni udongo. Sombe ya mke wangu, majani yale ya muhogo, udongo. Samaki, chumvi, asali, udongo. Daktari aliangalia ulimi wangu kwa taa, akaniambia hauna kosa lolote, ulimi mzuri kabisa. Mchungaji ameuombea. Bado tunakwenda kwa Mama Feza kila Jumamosi, watu wanadhani nafuata kasiksi, kumbe namfuata mdogo wangu. Sikubali mtu mwingine amshikie kopo. Napokea mimi, naonja mimi, nameza, nangoja kidogo. Ananiuliza, "Yaya, iko muzuri?" Na mimi namjibu, "Iko muzuri sana, kunywa." Namtazama anavyofumba macho ule moshi wa mtama ukimfikia nyuma ya ulimi, na wivu unaniuma, nasema ukweli. Lakini anakunywa, na yupo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, desturi usiiache, sumu ipo na watu wabaya wapo. Ila kabla hujamwambia mgeni aonje kwanza, mtazame midomo. Akirudisha kopo midomo ikiwa mikavu, usipokee, hata kama amekuletea habari njema kiasi gani. Na ikiwa umekwisha kumeza, usipoteze muda kujililia. Fikiri ni nani wako aliye njiani, ulitafute kopo lake, ulimalize kabla hajafika.