Waingereza Wanne na Bingwa wa Don Eusebio

Enzi zetu pale Garland, Texas, pambano la ngumi halikuwa kitu cha kutazamwa huku umesimama kwenye foleni ya dukani. Lilikuwa na siku yake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na liliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele, ndani ya kanda ya video iliyobebwa na Don Eusebio kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Don Eusebio alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mmeksiko wa makamo mwenye kofia pana aliyomvulia mama yangu tu. Yeye na Baba walifanya kazi ghala moja kule Mesquite, zamu ya Jumamosi, na mapambano makubwa yote yalikuwa Jumamosi. Kwa hiyo Don Eusebio alitegesha mashine yake ya video ijirekodie yenyewe, wakaenda zao kupakia makasha, na kuanzia hapo ikawa haramu mtu yeyote kufungua redio. Kaka yangu Idi aliwahi kuyasikia matokeo kwa mtoto wa ghorofa ya chini, akashinda asubuhi nzima kama mtu aliyemung'unya kaa la moto. Hakusema. Ndivyo tulivyolelewa.

Mama alipika wali wa nazi, nazi ya kopo, na kambare wa kukaanga kwa sababu changu wa Tanga hawakufika Texas. Mke wa Don Eusebio alituletea tamale zake, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda ya hindi lenyewe, za kuku tupu kwa heshima ya dini yetu. Tulikula sakafuni tukatazama raundi zote kumi na mbili, pamoja na matangazo ya magari, maana Baba alikataza kupeleka kanda mbele. "Bondia anapumzika dakika moja," alisema, "na wewe pumzika naye." Leo wanangu wakiniona natazama kitu cha zaidi ya dakika tano wananiuliza kama naumwa.

Bingwa wa miaka ile alikuwa Mmeksiko. Don Eusebio hakumtaja jina. Alisema "bingwa" tu, kama anayesema jua au mvua. Alikuwa mfupi, mpole wa uso, asiyetukana mtu, na alikuwa na ngumi ya kushoto ya chini ya mbavu ambayo ikikupata mwili wote ulijikunja kama karatasi. Walimletea watu kutoka kila pembe ya dunia. Baba aliwahesabu Waingereza peke yao.

Sababu aliijua kila mtu nyumbani. Kabla ya kumfuata Mama Marekani, Baba aliishi miaka sita Uingereza, katika mji wa viwanda wenye mvua isiyokatika. Mchana alipanga biskuti kwenye maboksi, jioni alikwenda ukumbi wa ngumi kulipwa ili mabondia wafanyie mazoezi juu yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa pambano hata moja. Lakini alipokuja huku alikuja na Uingereza yake, chai ya maziwa, kofia ya sufu, na imani kwamba siku moja Mwingereza atamwangusha yule bingwa.

Wa kwanza aliingia ulingoni kwa tarumbeta na joho la dhahabu, akicheza. Raundi ya tatu alikuwa amekaa chini akitazama viatu vyake. Don Eusebio alicheka mpaka akakohoa. Baba alisema, "Huyu alikuja na mdomo." Wa pili alikuwa mrefu kama mnazi, alikimbia raundi zote kumi na mbili, akashindwa kwa pointi kwenye karatasi za majaji wote. Baba alishangilia kama kashinda. "Amemaliza! Umeona, Eusebio? Amemaliza kwa miguu yake!" Wa tatu simkumbuki vizuri. Nakumbuka nyusi iliyochanika na Mama akiinuka kwenda jikoni.

Kwa wiki nzima baada ya kila pambano, Baba na Don Eusebio waliwalinganisha Waingereza hao, nani alidumu zaidi, nani alipiga walau ngumi moja ya maana, nani angeshinda kama angekuwa na pumzi ya mwenzake. Sisi watoto tuliigiza uwanjani. Mimi, msichana pekee, nilipewa kila mara kuwa Mwingereza wa pili, kwa kuwa nilijua kukimbia.

Kisha akaja wa nne.

Aliitwa Colin. Hakuwa tegemeo la mtu. Aliyepangwa aliumia mkono, wakatafuta mbadala, wakamkuta Colin, mtu wa miaka thelathini na sita aliyekaribia kuacha. Baba aliposikia jina hilo aliketi. Colin alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba siku Baba alipoingia ule ukumbi mara ya kwanza, na kwa miaka sita walipigana kila jioni, wakala chipsi kwenye gazeti, wakarudi kwa basi moja. Baba ndiye aliyemfundisha kuficha kidevu.

Aliitafuta namba yake kwa siku nne. Nakumbuka zile kadi za simu za kukwaruza, na Baba akizisoma tarakimu kwa kidole, ndefu kama aya. Alipompata alijifungia chumbani na simu. Alitoka akiwa kijana. "Amenikumbuka," alimwambia Mama. "Ameniita Seli, kama zamani."

Jumapili ile tulikuwa saba sebuleni, familia mbili. Raundi za mwanzo Colin alisimama vizuri. Kidevu chake kilikuwa kimefichwa, nami nikamwona Baba akificha chake, bila kujua. Raundi ya tano ngumi ya kushoto ikaanza kupita. Ya saba, Don Eusebio akaacha kushangilia. Ya nane, Colin alirudi kwenye kona yake akikipapasa kiti kama kipofu, na mzee aliyempangusa damu alionekana wazi akimwambia basi. Colin alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Akasimama.

"Zima," alisema Don Eusebio kwa Kiingereza chake cha kukatika. "Selemani, inatosha. Wangu ameshinda, sitaki tena."

"Iache," alisema Baba.

"Baba Idi," Mama akasema, "watoto wanaona."

"Iache! Mimi ndiye niliyemwambia." Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu. "Alinifungulia moyo wake kwenye simu. Aliniuliza, Seli, nikubali au nikatae? Alikuwa anaogopa. Mke wake hakutaka. Nikamwambia kubali, na ukikubali usipige magoti. Nikamwambia, simama mpaka kengele ya mwisho, kwa ajili yetu sisi wote ambao hawakutupa nafasi."

Kwenye televisheni watu wa Colin walikuwa wamemtia kikinga meno mdomoni tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Akilini mwangu mambo yale yalikuwa yanatokea wakati ule ule, ndani ya kile kisanduku, na mtu akikizima yatakoma. Nikatambaa mpaka kwenye mashine, nikabonyeza. Picha ikatoweka.

Nilingoja kofi. Baba alikuja akachuchumaa kando yangu, akanishika bega.

"Mwanangu," alisema taratibu, "yameshatokea. Hata ukizima, yalitokea jana, mimi nikiwa napakia makasha."

Akabonyeza tena, na tukaitazama raundi ya tisa, na ya kumi, na ya kumi na moja. Hakupiga magoti. Mwamuzi ndiye aliyesimama katikati yao, na hapo tu Colin akaanguka, kama gunia lililokatwa kamba. Bingwa hakuruka. Alikwenda akasimama karibu na wauguzi, mikono nyuma. Don Eusebio alifanya ishara ya msalaba, akavaa kofia yake, akaisahau kanda.

Colin hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, akatoka akiwa na mkono mmoja usiomtii, na maneno machache. Baba alipopiga simu alipokea mke wake, ambaye tulijua angeweza kumtukana, na alikuwa na haki. Hakumtukana. Alisema, "Nitamwekea simu sikioni. Zungumza wewe." Basi kila mwezi, kwa miaka tisa, Baba aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza mtu asiyejibu habari za joto la Texas, bei ya nyanya, na watoto wanaokua. Nikipita mlangoni nilimsikia akinyamaza katikati, akingoja, kisha akiendelea. Siku moja mke wa Colin alimwambia asipige tena, kwamba wamemzika Jumanne. Baba alimshukuru, akatoka nje akaosha gari ambalo lilikuwa safi.

Don Eusebio aliendelea kuja Jumapili, lakini bila kanda. Walicheza dhumna. Sikuwasikia tena wakiwalinganisha Waingereza. Walizeeka hivyo, na wamezikwa mwaka mmoja, kila mtu kwa dini yake.

Sasa naishi Alief, Houston. Wanangu wana kila pambano la dunia mfukoni, ila hawana raundi, wana sekunde. Hakuna anayengoja Jumapili, hakuna jirani anayebisha hodi, hakuna anayetunza siri ya matokeo kwa heshima ya mzee aliye kazini. Sisemi tulikuwa watu wema kuliko wao. Na sisi tulihesabu nani kapigwa vibaya kuliko nani, tukacheka, midomo imejaa tamale. Tofauti ni kwamba tulilazimika kukaa mpaka mwisho, na mwisho ulitufunza.

Mwezi uliopita kijana wangu mkubwa alinionyesha simu yake. Mtu fulani amewakusanya Waingereza wote waliowahi kupigwa na yule bingwa, mmoja baada ya mwingine, juu yake muziki wa kuchekesha. Wa kwanza na joho lake. Yule mrefu. Yule wa nyusi. Kisha Colin, sekunde kumi na moja, kuanzia mwamuzi alipoingia kati.

Kijana alikuwa anacheka. Nikamwambia, "Yule alikuwa rafiki wa babu yako."

Aliigeuza simu kifudifudi mezani. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama yule mtu alikufa pale.

"Hapana," nilimjibu. "Si siku ile."