Samaki wa Shofere

Yuma wa mtaa wa Bel-Air alikuwa na miaka hamsini na mbili, mke mmoja na watoto watano, na tangu aoe hakuwahi kununua samaki. Usicheke. Hakuwahi kununua unga pia, wala sukari, wala sabuni. Miaka kumi na tisa alishika usukani wa lori la tajiri wake, patron Clément, na kwa shofere wa siku zile za Zaire mshahara ulikuwa salamu tu. Maisha yenyewe yalikuwa matabisi, zile zawadi za asante. Ukimfikishia mtu mzigo wake salama, atakuachaje uondoke mikono mitupu? Kwenye kinu cha unga alipewa mfuko wa unga uliomwagika wakati wa kupakia, na wapakiaji, kwa kuwa walimpenda, walihakikisha umemwagika wa kutosha. Kwenye kiwanda cha sabuni alipewa vipande vilivyovunjika. Wenye bia walimpa chupa mbili, naye, Mwislamu mtoto wa watu wa Maniema, hakuzigusa kwa mdomo. Alimpelekea jirani yake Godefroid, mstaafu wa reli, Godefroid akamrudishia sukari, na wote wawili wakalala wameridhika.

Lakini hakuna kilichoshinda samaki. Kila Ijumaa Yuma alirudi kutoka Kasenga, kule mtoni kwa wavuvi, na mzigo wa mama Edith, mwenye depo ya samaki karibu na soko. Kwenye kitambulisho Edith alikuwa na jina jingine, la asili, kama chama tawala kilivyoagiza watu waache majina ya Kizungu, ila wateja wake hawakuwa na muda huo. Kabla kikapu cha kwanza hakijashushwa, Edith alichagua samaki mmoja, makobo mkubwa kuliko wote, akamfunga ndani ya gazeti, akatangaza barabara nzima isikie: "Ya shofere!"

Bel-Air ilijua Yuma amerudi kwa harufu ya mafuta ya kukaangia. Vipande vilipita juu ya ukuta, huku kwa Godefroid, kule kwa wajane wawili wa nyuma. Watu walimsifu kwamba ana mkono wazi. Naye alizipokea sifa hizo zote, hata siku moja hakujiuliza ule mkono ulikuwa wa nani.

Basi jicho lake la kulia likaanza kuona ukungu. Likamgongesha nguzo, kisha kuku, kisha ukuta wa patron mwenyewe kule mtaa wa Golf. Clément akatoka nje, akautazama ukuta, akamtazama Yuma.

"Baba Yuma, inatosha. Utaniulia bantu."

Lori akapewa Rigobert, kijana ambaye Yuma mwenyewe alimfundisha kubadilisha gia pasipo kuziliza. Yuma akapewa bahasha ya malipo ya mwisho. Akaitia mfuko wa ndani wa koti lake la abakosti, hakuifungua. Kwa hesabu zake, bahasha isiyofunguliwa ni bahasha isiyopokelewa, na asiyepokea bado ana kazi. Nyumbani akamwambia mkewe, Zabibu, kwamba yuko konje, likizo tu.

Eh, konje gani hiyo! Wiki tatu mtu hakukaa. Alfajiri alikuwa mlangoni, amevaa, anasikiliza kila injini inayopita barabarani, akitaja ni ya nani na inaumwa wapi. Alipigilia misumari kwenye mlango wa jiko mpaka ukawa hauwezi kufunguka. Akaung'oa, akaupigilia tena. Zabibu akamnyang'anya nyundo.

"Kama ni konje, lala!" akasema. "Sijaona muntu anapumuzika hivi."

Lililomchoma Yuma lilikuwa Jumamosi. Mshonaji Kasimu, mtu wao wa Maniema, alikuwa anakuja kumaliza maneno ya ndoa ya mwanawe na Amida, binti mkubwa wa Yuma. Na miezi miwili nyuma, kifua mbele, Yuma alimwambia hivi: "Siku mutakuya kwangu, mutakula samaki mpaka muulize njia ya kurudia kwenu." Kasimu alicheka sana, na Kasimu hasahau. Angekuja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, na jikoni kulikuwa na majani ya sombe, unga wa siku moja, na harufu ya zamani. Yuma aliogopa jambo moja tu, na lilimkosesha usingizi: kwamba Kasimu alikuwa amekuja kuposa binti wa lori, si binti wa Yuma.

Ijumaa asubuhi akaenda kwa miguu hadi kwenye kinu cha unga. Mlinzi wa lango, Mukuka, alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Kisha akachungulia nyuma ya bega lake.

"Baba Yuma! Kamyo iko wapi?"

"Nimekuya na miguu."

"Ah." Mukuka akajikuna shingo, akatazama chini. "Bon. Leo unga haiyamwangika, baba."

Haijamwagika! Miaka kumi na tisa unga humwagika, leo umejifunza adabu. Yuma aliondoka pale na hasira zake, akaswali Ijumaa na hasira zake, na miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye depo ya Edith. Edith alimpa stuli na maji. Naye pia, alipokuwa akimpa maji, alichungulia nyuma ya bega lake.

Mara Yuma akalisikia lori lake kabla halijakata kona. Gia ya pili ililia, akauma meno. Rigobert akasimamisha, akashuka, vumbi la Kasenga mpaka kwenye kope. Edith akainama kwenye kikapu, akachagua, akafunga gazeti, akanyanyuka.

"Ya shofere!"

Na Yuma akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

Hakukusudia. Mikono ilikwenda yenyewe, kama ilivyokwenda kila Ijumaa. Akabaki ameinyoosha hewani, Edith ameshika samaki katikati, Rigobert upande wa pili. Wauzaji wanawake waliokuwa wanapiga kelele wakageuka wote kutazama. Aibu ilimpanda Yuma kutoka visiginoni mpaka masikioni, akatamani ardhi ile ya Edith, yenye magamba na barafu, ipasuke immeze.

Rigobert akampokea samaki kwa Edith, akamgeuzia Yuma kwa mikono miwili, kichwa chini. "Kamata, baba. Ni yako."

Na Yuma alimtaka samaki yule! Kesho ndiyo Jumamosi. Lakini akajiona Ijumaa ijayo yuko hapo kwenye stuli, na Ijumaa ya baadaye, anasikiliza gia, anasubiri kijana aone huruma.

"Hapana," akasema. "Shofere ni weye. Na gia ya pili usiivute kama unang'oa muhogo." Kisha akamgeukia mwenye depo. "Edith, makobo ni bei gani?"

"Weye unauliza bei?"

"Naulizia wageni wangu. Unataka kuuza ao hautaki?"

Akatoa bahasha, akaichana kwa meno, mbele za watu. Edith akataja bei, ile ya kuanzia, ya kumpa mtu nafasi ya kupiga kelele na kushusha. Yuma hakujua kwamba hushushwa. Akalipia samaki sita kwa bei ileile, akasema asante.

Mama wee! Wanawake wakavunjika mbavu. Mmoja akamwomba aje na kwake kesho, naye ana mihogo ya kumuuzia. Edith, amecheka mpaka kaona haya, akatupia samaki wa saba juu ya wale sita.

"Hii ya nini?" Yuma akauliza. "Mimi siko shofere tena."

"Ni mbasela, baba. Kila muntu anayenunua anaongezewa. Haukujua?"

Hakujua.

Nyumbani Zabibu alifungua gazeti, akawatazama samaki, akamtazama mumewe.

"Rigobert amekupa?"

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nguo zako hazinuki tena mazutu ya kamyo." Akawageuza samaki. "Ni yeye amekupa?"

"Nimenunua."

Zabibu akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akawapangusa samaki mmoja mmoja kwa upindo wa kitenge, kazi ambayo haikuwa na maana yoyote. "Miaka yote napika samaki ya Edith," akasema. "Acha basi nipike yangu."

Jumamosi Kasimu alikuja na mwanawe. Bukari, ugali wao, ikaletwa, samaki wakaletwa, na Kasimu akala kama alivyoahidiwa. Katikati ya kipande cha tatu akapiga paja.

"Kamyo imefanya kazi yake!"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Godefroid, aliyealikwa pia, alianza hata kumsemea. Zabibu aliikazia macho sinia.

"Kamyo iko na muntu mwingine," Yuma akasema. "Jicho langu limekataa. Hawa samaki nimenunua sokoni."

Kasimu akaacha kutafuna. Akamtazama Yuma, akawatazama samaki.

"Bei gani?"

Yuma akamtajia. Kasimu akajishika kichwa kwa mkono wenye mchuzi.

"Allah! Wamekuiba, ndugu yangu! Wamekuiba muchana kweupe!" Akamgeukia mwanawe kwa ukali. "Weye! Kuanzia leo baba mukwe wako asiende sokoni yeye peke. Utaenda naye. Unanisikia?"

"Nasikia, baba," kijana akasema.

Baba mukwe. Nyuma ya pazia Amida alisikia, akaachia kifuniko cha sufuria. Ndipo huko nje lori la Rigobert likapita, gia ya pili ikaingia taratibu, safi, na honi ikapigwa mara mbili. Yuma alishanyanyuka nusu. Zabibu akasukuma kichwa cha samaki mbele yake.

"Kaa. Kula."

Akakaa, akala. Ila kando ya sinia mguu wake wa kushoto uliendelea kukanyaga mkeka, ukitafuta klachi.