Faili Lenye Viatu

Kazini walimwita Masjala. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi ya mshahara, lakini hakuna aliyelihitaji. Masjala ni chumba kinachotunza mafaili ya ofisi nzima, chenye dirisha dogo la kuhudumia watu, na yeye alikuwa amekaa humo miaka tisa, kwa hiyo mtu na chumba vikawa kitu kimoja. Bosi akipiga simu na kusema, "Niitie Masjala," hakuna aliyejiuliza kitakachopanda ngazi ni kipi.

Faili likitoka, aliandika kwenye daftari la mwendo: namba, tarehe, limekwenda kwa nani. Kila Ijumaa alizunguka ghorofa zote nne kuhakikisha kwamba kila faili lipo pale daftari linaposema lipo. Na yalikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la mafaili ya jengo lile. Hayakupotea. Yalikuwepo tu.

Jumamosi asubuhi alichora katuni. Alichora kwenye meza ya jikoni, kwa penseli kwanza, kisha wino, halafu akaipiga picha kwa simu, akaisafisha kwa programu ya bure na kuiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Chini aliandika "Kalamu Butu". Ofisini hakuna aliyejua. Nyumbani alijua mama yake, ambaye aliona kuchora ni jambo ambalo binti yake angepaswa kuliacha siku ileile alipoacha sare ya shule.

Katuni yake ya kwanza ilikuwa ya binti mfalme anayeruka. Aliichora kwa miaka miwili, akapata wasomaji kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa yeye mwenyewe kwa simu tofauti. Basi akachoka kubuni. Akajiwekea sheria moja: hachori asichokiona kwa macho yake. Miguu na viatu vya shujaa wake mpya, pamoja na namba ya uongo ya kuificha ofisi, alivihesabu kuwa ni mapambo.

Shujaa mwenyewe alikuwa faili la kweli. Lilianza na barua ya nusu ukurasa kutoka zahanati moja ya pembezoni mwa mji, iliyoandikwa kwa mkono na mkunga: "Tunaomba mlango mmoja wa chumba cha kujifungulia, pamoja na fremu na kitasa. Uliokuwepo umeliwa na mchwa. Kwa sasa tunatumia shuka." Masjala alilifungulia faili, akalipa namba, akalipandisha juu. Jumamosi akalichora: mgongo wa kahawia, kamba kiunoni kama mshipi, miguu miwili myembamba, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa kwa safari. Linapanda ngazi na barua yake tumboni.

Mwezi wa kwanza lilitembea kweli. Afisa Afya aliandika dokezo ndani yake: "Ujenzi, naomba maoni." Ujenzi wakaandika: "Vipimo?" Likashuka. Vipimo vikaja, likapanda. Ujenzi wakaandika: "Vipimo hivi ni vya mlango au vya fremu?" Likashuka. Mwanasheria, ambaye hakuulizwa kitu, aliandika: "Nimeona." Lilipigwa danadana ghorofa kwa ghorofa, na Masjala alichora kila hatua bila kutia chumvi. Wasomaji wakafika elfu tatu. "Hii ni ofisi yetu kabisa," waliandika watu wa ofisi nyingine kabisa.

Hatimaye likafika kwa Afisa Ugavi. Ilibaki sahihi moja. Hapo likaketi.

Afisa Ugavi hakuwa mtu mbaya. Alifika kazini mapema kuliko wafagizi, na alimsalimia kila mmoja wao na kumuulizia watoto. Hakuwahi kumkatalia mtu ombi lolote. Alikuwa na trei ya mbao pembeni ya meza, na kila kilichoingia mle alikiheshimu kwa kutokigusa.

Ijumaa ya kwanza Masjala alilikuta faili kwenye trei. Jumamosi akachora faili kwenye trei. Ijumaa ya pili, vilevile. Angeweza kurudia picha ya wiki iliyopita na hakuna ambaye angegundua. Hakufanya hivyo. Alichora kila mstari upya, kwa sababu nalo lilikuwa limekaa upya. Wiki ya tatu kikatokea kikombe juu yake, cheupe, chenye mstari wa buluu. Akakichora kikombe.

"Umechora nini leo?" mama yake aliuliza akimenya vitunguu upande wa pili wa meza.

"Faili."

"Linafanya nini?"

"Limekaa."

"Na wiki iliyopita?"

"Lilikuwa limekaa, Mama."

"Na watu wanaangalia?"

"Elfu arobaini."

Mama alisimamisha kisu. "Hawana kazi?"

"Wanazo. Wako kazini."

Ilikuwa kweli. Tangu faili liketi, ukurasa ulikuwa umewaka. Mmoja aliandika kwamba amecheka mpaka msimamizi wake akaja kuuliza, naye akaangalia, wakacheka wote, kisha kila mmoja akageukia trei yake. Mwingine aliandika: "Msanii, tafadhali usilisogeze. Utaharibu."

Wiki ya sita, siku ya Jumatano, Afisa Ugavi mwenyewe aliinama kwenye dirisha la masjala, simu mkononi, machozi ya kicheko yakimlengalenga.

"Masjala, umeiona hii katuni? Ya faili lenye viatu?"

"Nimeiona."

"Mbavu sina! Wiki ya sita hiyo! Sahihi moja tu, jamani!" Akajifuta macho. "Lakini dada yangu, tucheke tusicheke, kuna watu wanatutia aibu. Huyo afisa angekuwa chini yangu, ningemfukuza siku hiyohiyo."

"Kikombe chake unakionaje?"

Afisa aliikuza picha kwa vidole viwili. "Kizuri. Mimi ninacho kama hicho."

Akaenda zake akicheka.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya mkunga. Kila Alhamisi mwanamke huyo alipanda magari mawili kuja kwenye dirisha lile. Alikuwa mtu mzima, na simu yake ilikuwa ya vitufe.

"Mwanangu, nimekuja kuulizia mlango wangu."

"Uko hatua ya mwisho, mama."

"Alhamisi iliyopita ulikuwa hatua ya mwisho."

"Bado uko."

Mkunga alitua mkoba wake kwenye kizingiti cha dirisha. "Jumatatu nilikuwa na mzazi. Kichwa cha mtoto kimeshatokea. Kuna fundi anatupakia rangi ukuta wa nje. Akawa anapita, upepo ukainua shuka. Akasimama hapo na kopo lake. Unajua alifanya nini?"

"Alikimbia?"

"Alisema, 'Poleni na kazi.'"

Masjala alitaka kucheka, akaona uso wa mkunga, akaacha.

"Yule binti uchungu wote hakutoa chozi," mkunga alisema. "Alilia hapo."

Wapo wanaodhani uonevu lazima uje na buti na kelele. Mara nyingi huja na tai, husalimia vizuri, hukuulizia watoto, na hukuambia usubiri. Anayesubiri huwa amelala chali nyuma ya shuka.

Ijumaa Masjala alipanda kukagua mafaili. Alifungua mlango wa Afisa Ugavi, akaangalia trei. Faili lipo. Na kitu cha kwanza kilichompita moyoni, kabla ya hasira, kabla hata ya kumkumbuka yule binti, kilikuwa: afadhali. Picha ya saba ipo.

Alifungua daftari la mwendo, akatia alama.

"Umekuja kuhesabu?" Afisa aliuliza, macho kwenye simu, kiwiko juu ya trei.

"Ndiyo."

"Yapo yote?"

"Yapo yote."

Jumamosi karatasi ilikaa nyeupe mbele yake mpaka chai ikapoa. Akamsimulia mama yake yote, mkunga, upepo, kopo la rangi, na ile "afadhali" pia, ingawa hiyo aliisema kwa sauti ndogo.

Mama alisikiliza. "Kwa hiyo watu elfu arobaini wanajua hakuna mlango, na mwenye kutia sahihi hajui."

"Anajua. Anaisoma kila wiki. Anacheka."

"Basi hajajiona. Mchore."

"Nikimchora nitafukuzwa kazi, Mama."

"Nimesema mchore. Sijasema hutafukuzwa."

Mpaka siku hiyo picha zake zilikuwa zinaishia ukingoni mwa trei. Sasa alichora chumba kizima kama alivyokiona jana yake: meza, kalenda, kiti, na mtu mwenye tai ya mistari aliyeshika simu akitabasamu, kiwiko kimekandamiza faili. Ile namba ya uongo aliyokuwa akiiandika mgongoni mwa faili aliiacha. Aliandika ya kweli. Chini akaweka maneno machache: "Ombi la mlango mmoja wa chumba cha kujifungulia. Wiki ya saba." Akaituma. Kisha akaosha vikombe.

Jumatatu, Afisa Ugavi alikuwa dirishani kabla Masjala hajatundika mkoba.

"Umeiona ya wiki hii?"

"Nimeiona."

"Huyu mtu." Alisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. "Ana tai kama yangu."

"Ndiyo."

"Na trei."

"Ndiyo."

"Hii namba. Ni faili gani hili?"

Mtu akitaja namba, masjala hufungua daftari. Ndiyo kazi. Masjala alifungua, akashusha kidole kwenye safu, akaligeuza daftari ili asome mwenyewe. Afisa alisoma jina la cheo chake. Akalisoma tena. Nyuma yake wafagizi wawili na dereva mmoja walikuwa wamejipanga foleni, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa na faili.

"Mimi nimekuwa nikimcheka," alisema taratibu, kama mtu anayeripoti kupotelewa na kitu.

"Ulisema ungemfukuza."

"Nilisema hivyo?"

"Jumatano."

Alipanda juu. Baada ya dakika kumi alirudi na faili, sahihi ikiwa bado haijakauka vizuri. Alilipitisha dirishani kwa mikono miwili.

"Nani anachora?"

Masjala alikuwa na jibu la "sijui" alilolifanyia mazoezi tangu Jumamosi. Kilichotoka kinywani kilikuwa kingine. "Mimi."

Afisa alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Ungeniambia tu, Masjala. Ulikuwa unaingia ofisini kwangu kila Ijumaa."

Masjala alihesabu. Saba. Alikuwa ameingia Ijumaa saba, akaangalia trei, akatoka akiwaza penseli.

"Nilipaswa kukuambia," alisema. "Hapo sina la kujitetea."

Barua ya kumtaka ajieleze ilishuka mchana huohuo: kutoa siri za ofisi. Kwa utaratibu, barua ya nidhamu haiwezi kushughulikiwa bila faili, na mafaili hufunguliwa na masjala. Basi alijifungulia faili. Alilipa namba, akaandika jina lake kamili kwa mwandiko mzuri, akalisajili kwenye daftari la mwendo na kulipandisha mwenyewe. Lilifika ghorofa ya nne saa nane na kushuka saa tisa likiwa na madokezo manne. Hakuna faili lililowahi kwenda kasi hiyo tangu jengo lijengwe. Uamuzi ulikuwa kumhamishia ghala la chini, yanakohifadhiwa mafaili yaliyofungwa, ambayo hayaendi popote.

Jumamosi alichora faili linashuka ngazi na sahihi yake, na chini akaandika: "Dakika kumi." Wasomaji hawakupenda. "Sahihi kwa dakika kumi? Hapana jamani," mmoja aliandika. "Mpaka hapa ilikuwa inaaminika." Elfu nane waliondoka wiki hiyo.

Baada ya mwezi mkunga alipiga simu ghalani. Mafundi wamekuja, alisema, na wamekwenda. Masjala hakuuliza zaidi, maana cha kusimuliwa asingeweza kukichora. Jumamosi aliacha meza ya jikoni, akachukua daftari la kuchorea, akapanda magari mawili.

Mlango ulikuwa wa mbao laini, umepakwa rangi ya kwanza tu, ya kijivu. Bawaba ya juu ilikosa skrubu moja. Kitasa kilikuwepo. Alibisha.

Ukafunguka kiasi cha upana wa uso. Ulikuwa uso wa mkunga, umelowa jasho.

"Ni wewe, mwanangu? Nina mzazi. Subiri hapo nje."

"Nilitaka tu nione na kwa ndani, mama, ili niweze—"

"Nimekuambia subiri."

Ukafungwa. Kitasa kikazunguka, kikalia tak.

Alikaa kwenye benchi. Upepo ulipita kwenye varanda, ukabeba karatasi ya mtu, ukaugonga mlango na kuuacha ulivyo. Alichora mbao, rangi ya kijivu, bawaba na tundu la skrubu isiyokuwepo. Alipomaliza, mlango ulikuwa bado umefungwa, akaipiga picha na kuituma palepale benchini.

Maoni yalianza kuingia kabla hajafunga daftari, na karibu yote yaliuliza kitu kimoja: ndani kuna nini?

Hakuwa na kawaida ya kuwajibu wasomaji. Safari hii aliandika: "Sijui. Nimefungiwa nje."