Siku Baba Alipopita Msibani Bila Kushuka

Watu waliomfahamu baba yangu siku za baadaye, kule Rwamgasa kwenye machimbo ya dhahabu, hawaniamini nikiwaambia kwamba zamani sauti yake ilisikika kabla mwenyewe hajaonekana. Wao walimjua mtu aliyekaa ukingoni mwa shimo, akitwanga mawe pamoja na wachimbaji na kuwauliza habari za watoto waliowaacha nyumbani, na ilichukua hata mwezi mzima mtu kugundua kuwa huyu anayetwanga naye ni mwinjilisti. "Mzee wako mpole sana," huniambia. Nami hucheka, maana nalikumbuka bati.

Bati lilikuwa pembe ya kusemea. Fundi mmoja wa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, alimtengenezea kutokana na debe la mafuta, wakati baba angali kijana wa huko, mwaka ule aliookoka. Alilipaka rangi nyeupe na kulifunga mbele ya baiskeli kwa kamba ya katani. Kila siku ya mnada wa ng'ombe alikwenda nalo Mhunze. Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani bila kazi, nikawa ninakaa kwenye keria ya baiskeli ile, nikiimba pambio nyuma ya mgongo wake.

Sitaki mtu adhani ninamcheka. Sijaona tena mtu mwenye moto kama ule. Mnadani kulikuwa na vumbi, ng'ombe wanalia, madalali wanagombana, wauza nyama choma wanaita wateja, na katikati ya yote hayo baba alipanda juu ya kreti la soda akamwita kila mtu ndugu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu. Watu walisimama. Wengine walinyoosha mikono kutaka kuombewa, hata wenye fimbo za kuchungia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba maneno yakitoka kwa mtu namna ile, dunia lazima igeuke.

Jumapili, katika kanisa letu la udongo, walikuja walewale: mama, mimi, na wanawake wanne.

Wale wanne hawakutoka mnadani. Waliletwa na mama. Tulikuwa tumehamia katika kijiji kile kipya miaka ya sabini, wakati watu walipokuwa wakikusanywa pamoja, na tangu wiki ya kwanza mama alichukua jembe akajiunga na kikundi cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu. Walilima, waliimba, na jioni wenzake walipokunywa pombe ya mtama, yeye alikunywa maji na kubaki nao. Ilipita masika nzima ndipo mmoja akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, wewe mbona hunywi, na mbona hutuchoki?" Hapo ndipo alipoanza kusimulia. Siku za Jumapili jioni walikaa uani kwetu wakibambua karanga, na mama akisimulia habari za Yesu kama mtu anayesimulia habari za kaka yake.

Baba alipita kando yao akitabasamu. "Hao ni waumini wa karanga," alisema. "Karanga zikiisha, wataondoka."

"Basi Mungu atunyeshee mvua," mama alijibu, "tuvune nyingine."

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamume mtu mzima aliyetuazima jembe la kukokotwa na ng'ombe tulipofika, alifariki alfajiri. Katika nzengo, ndiyo kusema jumuiya ya majirani, kila nyumba ilijua wajibu wake: maji, kuni, unga, na mwanamume mmoja mwenye jembe wa kuchimba kaburi. Na kila apitaye mbele ya nyumba yenye msiba hushuka kwenye baiskeli, huvua kofia, husukuma taratibu mpaka amepita. Hata mtoto mdogo anajua.

Mama alikwenda mapema na unga kichwani. Baba alikuwa anafunga bati lake.

"Utachelewa kuchimba," bibi alimwambia kutoka kitandani. Bibi alikuwa mama yake baba, na mwaka ule miguu ilikuwa imemkatalia kabisa.

"Leo mnada, mama. Wafu wana watu wengi wa kuwazika. Walio hai pale Mhunze hawana wa kuwaambia. Nitarudi jioni kuwapa pole."

Tukaondoka. Njia ilipita mbele ya nyumba ya msiba. Niliwaona wanaume wamekaa juu ya magogo na wanawake wamejaa uani, na nilijua kwamba sasa baba atashuka. Hakushuka. Jua lilikuwa limepanda, tulikuwa tumechelewa, na nadhani alishaanza kuhubiri kichwani mwake. Aliendelea kukanyaga pedeli, akiimba kwa sauti ya chini. Na mimi niliyekuwa nyuma, niliyeweza kumshika shati na kusema shuka, niliitikia kiitikio.

Wote waligeuka kutuangalia.

Tuliporudi jioni, wazee wawili wa nzengo walikuwa wakimngojea mlangoni. Hawakukaa. Walimwambia ametozwa ng'ombe dume mmoja na mitungi ya pombe, viliwe na kunywewa na wanazengo wote kwenye nyumba ya marehemu.

"Ng'ombe nitatoa," baba alisema. "Nimekosa, nakubali. Lakini pombe haitatoka mkononi mwangu."

"Mwinjilisti, hatukukuuliza unakunywa nini. Tumekutoza."

"Pombe sitoi."

"Basi hujatoa kitu," mzee mmoja akasema, na wakaenda zao.

Kuanzia kesho yake tulitengwa. Ninaandika neno hilo kwa urahisi, lakini ulikuwa uzito wa ajabu. Hakuna aliyetusalimu. Usukuma ni nchi ya salamu. Mtu hukusimamisha njiani, akakuuliza habari zako, za ng'ombe, za mtama na za wageni wako, mpaka jua lisogee. Sasa nilipita katikati ya watu kama upepo. Kisimani nilisubiri mpaka wa mwisho ameondoka, nikachota tope. Ukizimikiwa moto, hakuna wa kukupa kaa. Wale wanawake wanne hawakuja Jumapili, kwa maana aliyezungumza nasi naye angetozwa. Mama alibambua karanga peke yake.

Baba aliliita jambo lile mateso kwa ajili ya Injili. Alihubiri juu yake mnadani, na watu wa mbali walimhurumia sana.

Lakini bibi hakuwa na mnada wa kwenda. Alilala pale akisikiliza njia, na njia ikawa kimya. Alikuwa amekula na watu maisha yake yote, amewazalisha wake zao, amewalilia wafu wao katika vijiji viwili vilivyovunjwa. Siku ya saba au ya nane aliacha kula.

"Mama, kunywa hata uji," baba alimbembeleza.

"Ninywe ili niwe nani?" bibi alisema. "Mwanangu, nikifa wiki hii, nani atanichimbia?"

"Mimi hapa."

"Wewe peke yako? Mtu anazikwa na mtu mmoja kama mbwa aliyegongwa na lori?" Akageukia ukutani. "Mimi simwogopi Mungu wako. Mimi naogopa kuondoka bila kuagwa."

Baba alitoka nje. Mama alimfuata, nami nikasikia, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya udongo na madirisha yake hayakuwa na mbao.

"Waambie wazee pombe wataitoa wengine, wewe uongeze ng'ombe," mama alisema.

"Hiyo ni kununua njia ya kuizunguka dhambi."

"Haya. Basi tuache habari ya pombe. Mimi sijawahi kukwambia uitoe." Mama alikuwa na desturi ya kuongea pole anapokasirika. "Ila nikuulize. Umewaambia watu wa Mhunze miaka yote hii kwamba Mungu alishuka kutoka mbinguni. Aliacha utukufu wote, akashuka. Na wewe umeshindwa kushuka kwenye baiskeli."



Asubuhi yake hakwenda kwa wazee. Alichukua jembe akaenda kwenye shamba la mjane wa marehemu, akaanza kupiga matuta ya viazi. Ardhi ilikuwa kavu. Hakuomba ruhusa, kwa sababu hakuna ambaye angemjibu. Mjane alitoka, akamtazama, akarudi ndani. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo, wakaendelea. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Baba alikuwa mtu wa Mwadui na wa vitabu. Mikono ilimchubuka ikawa nyama tupu. Nilimpelekea uji, akanywa kasimama, akaendelea. Bibi naye bado hakula, ila aliuliza, "Yuko wapi?" Nilipomwambia, akasema nimwinue aegemee ukuta.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mwisho wa shamba na kibuyu cha uji, ndipo mjane alipotoka na jembe lake. Alikuwa bado amejifunga kaniki ya msiba. Alisimama juu ya tuta jipya, akalikanyaga, likamomonyoka.

"Mwinjilisti," alisema, "matuta yako mabaya."

Baba alishtuka kama aliyesalimiwa na mti.

"Mvua ya kwanza itayabomoa yote. Wewe unafukia tu. Tuta linajengwa. Ondoka hapo."

Akamwonyesha. Akavuta udongo kutoka pande zote mbili, akafukia majani katikati, akapigapiga kwa mgongo wa jembe. Baba akajaribu. Mjane akacheka, akaziba mdomo haraka, maana hakuwa amecheka tangu azike.

"Huyo Mungu wako ndiye aliyekutuma uje uniharibie shamba?"

"Hapana, mayu," baba alisema. "Kanituma mke wangu."

Sasa alicheka bila kuziba mdomo. Walilima bega kwa bega tuta lote mpaka mwisho, na walipogeuka aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huyo mkeo, yeye alisikia habari za huyo Mungu kwa nani?"

Baba alimweleza. Hakupaza sauti, wala hakuwa na kreti la kusimamia. Alisema sentensi moja, akavuta udongo, akasema nyingine. Pale aliposahau kupigapiga, mjane alimkumbusha. Nilikuwa nimemsikia akihubiri mara zisizo na idadi, lakini asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiulizwa swali, na akisubiri mwenzake amalize.

Jioni mjane alikwenda mwenyewe kwa wazee. Walinung'unika kwamba sheria haikatwi vipande. Aliwaambia, kama tulivyosimuliwa na wale wanawake wanne baadaye kwa furaha kubwa: "Msiba ni wangu. Mume ni wangu. Pombe mliitoza kwa ajili ya nyumba yangu, na mimi nimesema imelipwa shambani. Atoe ng'ombe, tule, tuache ujinga. Au nani kati yenu amenilimia hata tuta moja?"



Ng'ombe alichinjwa siku ya Ijumaa uani kwa mjane. Baba alikaa chini pamoja na wanaume, akala kwenye sinia moja nao, na walimtania mpaka machozi yakawatoka. "Mwinjilisti, leo bati umelisahau?" "Mwacheni, mikono imemvimba, hawezi kulishika." "Nyama yako tamu kuliko matuta yako." Alicheka nao, huku akifunua viganja vyake ili kila aliyetaka kuviona avione.

Jumamosi asubuhi walikuja kwetu. Kwanza wanawake, na unga na maziwa ya mgando, kisha wanaume, wakapanga foleni mlangoni kwa bibi. "Mwangaluka, mayu," walimwamkia mmoja mmoja. Bibi aliwajibu wote, akauliza habari za ng'ombe wa kila mmoja, za wake zao, na za watoto aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe. Ilichukua muda mrefu ajabu. Mama alikuwa jikoni akilia huku akichochea moto, na mtu akipita alisema ni moshi.

Wa mwisho kuingia alikuwa kijana mnene, mchimbaji hodari wa makaburi wa nzengo ile. Bibi alimshika mkono.

"Wewe ndiye utanichimbia?"

"Ndimi, mayu."

"Hutakwenda mnadani siku hiyo?"

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama chini.

"Sitakwenda popote," kijana alisema. "Lakini mayu, nimeipita ardhi yenu hapo nje. Ni changarawe tupu, na sasa hivi imekauka kama saruji. Nakuomba unisaidie. Subiri mvua inyeshe."

Bibi alimtazama, akapima jambo hilo.

"Ikinyesha kidogo?"

"Kidogo haitoshi, mayu. Subiri ya kutosha."

"Mnanisumbua," bibi alisema. Akaniita nimletee uji, na akataka uwe na maziwa.