Roma ya Jeconia

Roma niliijua kabla ya Jeconia, na hilo liwekwe wazi. Nilifundisha historia Thika miaka thelathini, na kabati langu hapa Kahawa Sukari limejaa riwaya za maseneta, watumwa na majemedari. Jeconia ni fundi wa viatu kule Mwihoko. Aliniletea viatu vyangu siku moja, akaona riwaya mezani, akaiazima. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi sikwenda zangu. Nilibaki pale nikimtazama akilimaliza kabati zima.

Alipofika pahali jeshi limetembea siku ishirini, aliniuliza, "Mwalimu, na nani alikuwa anawashonea viatu?"

Miaka thelathini, sikuwahi kujiuliza.

Akaandika riwaya ya fundi anayefuata jeshi la Roma na gunia la ngozi. Mimi pia nina riwaya ya Roma. Ina sura moja, tangu mwaka wa 1998.

Januari aliniletea madaftari saba. "Soma pole pole. Ukiona makosa weka alama. Sitaki watu wanicheke, Mwalimu. Watasema fundi wa viatu alijiona nani."

Nilisoma siku mbili, na nilimwonea wivu. Sioni haya kusema. Malengelenge ya wale askari niliyasikia kwenye nyayo zangu. Halafu, daftari la tano, nikawakuta wameketi kando ya moto wakichoma mahindi na kuyapaka ndimu na pilipili. Mtu wa huku akiwaza safari na moto, mkono wake huandika mahindi bila kumuuliza. Lakini mahindi yalitoka Amerika, miaka elfu moja na mia tano baada ya askari hao kufa.

Penseli nilikuwa nayo mkononi. Nikasahihisha nukta mbili, nikafunga daftari.

"Iko sawa," nilimwambia.

Kitabu kilichapishwa Aprili. Juni tukakusanyika Thika kukizindua, ukumbini mwa kanisa, chai na mandazi. Watu walimpigia makofi. Ndipo Leena, mwenye duka la vitabu, akainuka na kuuliza kwa upole kama kweli Warumi walikuwa na mahindi.

Kicheko kidogo kikapita ukumbini. Nilikingoja tangu Januari, na sasa hakikuwa na utamu wowote.

Jeconia hakubabaika. "Mama, Mwalimu wangu ndiye huyu. Alisoma yote. Kungekuwa na kosa, angeniambia."

Vichwa vyote vikanigeukia. Ningeweza kusema sikuona. Lakini mtu anayeniamini hivyo mbele ya watu, nitamdanganya mara ngapi?

"Hawakuwa nayo," nikasema. "Niliona nikisoma, nikanyamaza."

Jeconia hakuniuliza chochote juu ya mahindi. Alihesabu kwa vidole, taratibu, Januari, Februari, Machi, Aprili, kisha akanitazama.

"Miezi yote hiyo, Mwalimu?"