Upande wa Chini wa Msumeno

Kila Ramadhani, mpasua mbao aliyefanya kazi na Paskali huko Shume aliomba kuvuta msumeno akiwa chini shimoni, Paskali akivuta juu ya gogo, maana kule kivuli kilimpunguzia kiu. Alijifunga kitambaa mdomoni asije akameza unga wa mbao. Daku alikula makande, akitafuna polepole, akanywa na vikombe viwili vya maji. "Ukilipangia tumbo, mikono haitetemeki," alikuwa akisema. Lakini mwaka ule wa njaa, kijiji cha ujamaa kikisubiri mbao za shule, daku yake ilibaki maji ya chumvi. Kumi la mwisho la mfungo, Paskali aliuona msumeno mzito, akachungulia shimoni. Mwenzake alishika mpini bila kuvuta; alikuwa amening'inia hapo.

"Kaka, kaa upumzike."

"Nikikaa sitainuka. Wewe vuta."

Paskali akauvuta msumeno, pamoja na mtu wake.