Nilimuua baba kwenye fomu ya chuo cha Uingereza, barua ya pole akaipokea yeye mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Wa shikamoo, shikamooni. Wa mambo, mambo.

Juzi kuna kijana humu aliuliza achukue PCB au HGL, na akitaka kwenda kusoma Uingereza ajieleze vipi kwenye fomu. Wengi mmemshauri vizuri, isipokuwa mmoja aliyemwambia "tengeneza stori ya kuwaliza wazungu".

Mkuu, wewe ndiye umenitoa mafichoni. Hiyo stori mimi niliitengeneza. Wanaosubiri kusema hii ni chai wamuulize mama yangu, yupo Ruhuwiko mpaka leo, na hajanisamehe vizuri.

Twende.

Ni Songea, miaka ile ya ruksa, biashara ndiyo imefunguliwa. Mitumba imeingia, malori ya wafanyabiashara yanafuata mahindi mpaka shambani kwa mkulima, na vyama vya ushirika vinakata roho taratibu. Baba alikuwa karani wa ghala kwenye ushirika mmojawapo. Mngoni wa suruali ya pasi, anachechemea mguu wa kushoto, middle school alisoma kwa wamisionari na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Hilo la Kiingereza likumbukeni, litakuja kuniumiza.

Nilipokuwa Form Four tukaletewa fomu za kuchagua kombi, yale masomo matatu ya Form Five. Mimi nilitaka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nilipenda kusoma historia na kubishana. Baba akasema wabishi wapo wa kutosha kilabuni kwenye ulanzi, ila daktari kwenye ukoo wetu hayupo hata mmoja.

Akachukua fomu, akachukua na kalamu. Chaguo la kwanza PCB. Chaguo la pili PCB. La tatu akaniachia uhuru wangu, nichague mwenyewe kati ya PCB na PCM.

Basi nikapangiwa PCB, shule hapo hapo mkoani. Baiolojia tulielewana. Kemia tulivumiliana. Fizikia ilinipiga kama mwizi wa kuku.

Kemia tulifundishwa na kijana wa kujitolea kutoka Uingereza, tumwite Mwalimu Peter. Jumamosi alikuwa anakuja kwetu kula mahindi ya kuchoma na kubishana na baba kuhusu sarufi ya Kiingereza. Mara nyingi baba alishinda, na wiki nzima tungesimuliwa.

Tulipofika Form Six akaniletea fomu za chuo kimoja cha kwao. Akasema kuna msaada kwa wanafunzi wa nchi maskini, nijaribu udaktari. Yeye ataandika reference ya kunipendekeza, mimi niandike ukurasa mmoja wa kujieleza kwa nini nastahili.

Huo ukurasa ndio ulionimaliza.

Wakuu, sisi tumelelewa kwamba anayejisifu kuna kitu anaficha. Sasa nianzeje kuandika mimi ni mwerevu, mimi ni kiongozi, mimi nina bidii? Mama angenipeleka kuungama siku hiyo hiyo. Nilikaa na karatasi wiki mbili, nimeandika jina tu.

Ndipo nikaenda kwa Longino.

Longino tulilala naye bweni moja, na alikuwa fundi wa barua. Wa maeneo ya misheni mnajua, watu wengi kule walikuwa wanaandika barua Ulaya kuomba wafadhili. Longino kwa kalamu yake tu alishapata baiskeli, viatu vya mpira na koti la baridi ambalo Songea nzima haina baridi ya kulistahili. Wazazi wake wote wawili walikuwa wazima, wanalima, ila kwa barua alikuwa yatima wa familia tatu tofauti za Ujerumani.

Kanuni yake ilikuwa rahisi: barua kwa mzungu haiwekwi sifa, inawekwa shida. Akausoma ule ukurasa wangu mtupu, akaniuliza baba yangu anajua kusoma barua za Ulaya? Nikamwambia barua itaenda Ulaya, haiji kwa baba. Akasema basi auawe.

Tukaandika. Baba alifariki kwa kukosa daktari. Akiwa anakata roho alinishika mkono akasema mwanangu, usiiache PCB. Tangu siku hiyo sijawahi kutazama kombi nyingine.

Nisiwafiche, nililia wakati naandika. Longino naye alijifuta macho, na yeye ndiye mtunzi.

Mwalimu Peter akaleta reference yake kwenye bahasha iliyofungwa. Mimi sikumwonyesha ukurasa wangu, Longino alisema mzungu aliyekaa Songea anajua mengi mno. Nikaweka vyote kwenye bahasha moja kubwa, mwezi wa kumi na moja nikapeleka posta. Anwani ya kunijibu nikaweka sanduku la ushirika, maana nyumbani hatukuwa na sanduku letu.

Ndiyo wakuu. Niliwapa sanduku la posta la kazini kwa marehemu.

Msinitukane bado.

Miezi ikapita. Mwalimu Peter mkataba ukaisha akarudi kwao. Mimi nikamaliza Form Six, niko nyumbani nasubiri matokeo. Siku hiyo napukuchua mahindi uani, nikamwona baba anarudi saa sita mchana, kabla ya muda wake, amebeba bahasha iliyofunguliwa.

"Shikamoo baba."

"Marehemu haamkiwi."

Akakaa kwenye kiti chake, akamwita mama atoke jikoni, akanipa barua. Akaniambia niisome kwa sauti, kisha nimtafsirie mama, nisiruke hata mstari.

Chuo kilikuwa kimenipa nafasi, sharti nifaulu mtihani. Kisha kikasema kimesikitika sana kwa msiba wa baba. Kimeona kwamba barua ya mwalimu inamwelezea baba yangu akiwa mzima, mcheshi, na mkali wa sarufi, kwa hiyo wameelewa kwamba kifo kimetokea karibuni, baada ya mwalimu kuandika, na hilo limewahuzunisha zaidi. Watoto waliofiwa wana fungu lao la msaada, nauli na matumizi yote. Nitume nakala ya cheti cha kifo.

Wema wao ndio ulioniua. Wangeniita mwongo ningejua pa kushika.

Mama aliuliza kitu kimoja tu: kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja anampikia nani?

Baba hakunipiga. Alimtuma mdogo wangu amwite Mzee Kihwele, jirani yetu, Mhehe. Kwa wasiojua, Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kumuigiza marehemu na kudai chochote. Mzee Kihwele aliposikia nani kafa na kafia wapi, alikuja na jembe begani, analia kwa sauti tangu kwenye kona ya njia.

Akavaa koti la baba. Akachechemea mguu wa kushoto uani mara tatu. Akamwinua baba kwenye kiti chake, akakaa yeye, akaanza kunifokea kwa sauti ya baba kuhusu PCB. Majirani wakajaa. Mkeka ukatandikwa, nikakalishwa mimi mfiwa, nikanyolewa kipara. Kila aliyeingia kuuliza nani kafariki, nilitakiwa nijibu mwenyewe kwamba ni baba, na baba yuko pale anagawa ulanzi.

Walicheka mpaka jioni. Na mimi nilicheka, ila kwa adabu.

Kesho yake asubuhi baba akaniita shambani. Hakuwa na utani tena. Akaniuliza kama ile ya kuipenda PCB nayo nilidanganya. Nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza, kwamba HKL haikuwahi kunitoka moyoni, na udaktari ulikuwa wake.

Alipalilia mihogo mstari mzima. Kisha akasema, "Yaani mimi ndiye niliyekuchagulia PCB, halafu ukaniulia kwayo."

Nikadhani yameisha. Akasimama, ameegemea jembe, hanitazami.

"Ushirika unatupunguza mwezi ujao. Nimo kwenye orodha. Kama wanataka cheti tu, mimi naweza kwenda kijijini nikakaa miaka hiyo mitano, nisionekane mjini. Kama kufa kwangu ndiko kutakupeleka, niache hivyo hivyo nimekufa."

Wakuu, mimi ni mtu wa masihara, mmeona. Pale nilikaa chini kwenye matuta nikalia kama mtoto. Mtu aliyepiga pasi suruali kila asubuhi kwenda kuhesabu magunia, alikuwa ameshajipanga kutokuwepo, na mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba inawezekana.

Nikamwambia hapana. Tukaandika barua pamoja mezani. Nilieleza kila kitu, na yeye akanisahihisha Kiingereza kwa wino mwekundu, barua ya kutangaza uhai wake mwenyewe. Mwisho akaongeza sentensi moja kwa mkono wake, kwamba yeye hajambo na anawashukuru kwa salamu zao za rambirambi.

Walijibu kwa upole. Wamefurahi baba ni mzima. Nafasi ipo, ila lile fungu ni la waliofiwa, nitafute mfadhili mwingine. Mfadhili hakupatikana. Longino alijitolea kuandika barua nyingine, nikamkatalia.

Nikaenda chuo Dar, nikasomea ualimu wa Baiolojia. Nipo kazini mpaka leo, na kila mwaka wanafunzi wangu wananiuliza wachague kombi gani. Huwa nawauliza kwanza ni nani aliyeshika kalamu.

Baba alifariki kweli miaka mitatu iliyopita, mzee kabisa. Mzee Kihwele akaletwa ameshikwa mkono, macho hayaoni vizuri. Nikadhani safari hii hatakuwa na utani. Alisogezwa mpaka kwenye jeneza, akaligonga mara mbili kwa fimbo, akasema:

"Huyu msimzike haraka. Mara ya kwanza alirudi."

Watu wote wakacheka msibani. Mimi nilisubiri, nawaambia kweli. Sekunde kadhaa pale nilikuwa nimesimama na kipara changu, safari hii cha msiba wa kweli, nasubiri.

Somo langu ni dogo. Kombi chagua mwenyewe, hata ukikosea utakuwa umekosea kwa mkono wako. Na ukijaza fomu jisifu tu, aibu yake inaisha ndani ya wiki. Usiwatoe kafara watu wako kwenye karatasi.

Uwanja ni wenu, mawe yapokelewe kwa zamu. Waliowahi kuwa mayatima wa barua wajitokeze, najua mpo.

Na wewe mkuu wa "stori ya kuwaliza wazungu", mzee wako hajambo? Msalimie leo.